Nimelipa hela, nimeongea saa nzima, mbona hajanishauri kitu?

Jumamosi iliyopita nilikuwa saluni nafumuliwa rasta, kiti cha pembeni yangu kuna dada anawekewa dawa, na kama mnavyojua saluni hakuna siri, akaanza kusimulia kwamba mwezi uliopita kaenda kwa mshauri nasaha. Ndoa inamsumbua, usingizi hapati, kazini anasinzia. Kalipa hela yake, kaongea karibu saa nzima, analia anafuta, analia anafuta, halafu yule mama kamwambia haya, tuonane wiki ijayo. "Sasa jamani mbona hajanishauri kitu? Maswali tu! Mara ulijisikiaje, mara hiyo hali ilianza lini. Hayo maswali hata shangazi yangu angeniuliza, tena bure na chai juu." Saluni nzima ikacheka. Msusi wangu akasema umepigwa mdogo wangu, mwingine akasema twende zetu maombi Ijumaa, na yule wa kucha pale mlangoni akamalizia kwa ile ya siku zote, kwamba ukishaanza kwenda kwa hao watu kituo kinachofuata ni Mirembe, ile hospitali ya magonjwa ya akili Dodoma.

Mimi nilitaka kusema kitu ila kichwa kilikuwa kimeshikwa. Basi nasema hapa.

Tuanze na neno lenyewe maana kwa maoni yangu ugomvi wote uko hapo. Sisi tumeita "ushauri nasaha". Ushauri ni ushauri, nasaha nayo ni mawaidha, kwa hiyo tumeita kitu kimoja ushauri mara mbili, halafu tunashangaa mtu akienda anategemea kuambiwa afanye nini. Na wengi wetu neno hili tulilizoea enzi za kampeni za kupima virusi vya ukimwi, miaka ya 2000 mwanzoni, vile vituo vya Angaza, "ushauri nasaha na kupima kwa hiari". Pale mshauri kweli alikuwa na maelezo ya kukupa: kipimo kinafanyaje, majibu yakiwa hivi utafanya vile, hospitali ya kuanzia dawa ni ipi. Vikabaki vitu viwili vichwani mwetu, kwamba ushauri nasaha ni kuelekezwa, na kwamba ukionekana unaingia pale basi una "kitu".

Ninachotaka kueleza leo ni kitu kingine, japo mara nyingi kinafanyika chini ya kibao hicho hicho. Ni tiba ya mazungumzo, vijana wanaita therapi. Wewe na mtaalamu mmoja, chumba kimoja, muda unaojulikana (mara nyingi dakika 45 mpaka 60, mara moja kwa wiki), mnaongea kwa mpangilio kuhusu kinachokusumbua mpaka uone kinavyofanya kazi ndani yako, halafu mnajaribu kukibadilisha kidogo kidogo. Hamna sindano hamna kidonge, mazungumzo yenyewe ndiyo dawa.

Na wanaofanya hii kazi si wote sawa. Daktari wa magonjwa ya akili kasomea udaktari kwanza, huyo ndiye anayeweza kukuandikia dawa. Mwanasaikolojia kasomea akili na tabia, anapima na anatibu kwa mazungumzo, dawa haandiki, akiona unahitaji anakupeleka kwa daktari. Mshauri nasaha ndiyo pana zaidi, unakuta mmoja ana digrii mbili na mwingine alifanya kozi ya wiki chache akapewa cheti, kwa hiyo kumuuliza "samahani, umesomea wapi na umesajiliwa wapi" si utovu wa adabu hata kidogo. Wenzetu Kenya tangu 2014 wana sheria yao kabisa ya washauri na wanasaikolojia. Halafu hospitali zetu nyingi kubwa zina maofisa ustawi wa jamii, hawa, watu huwapita tu koridoni, kumbe ndio mara nyingi wanajua mlango wa kukupeleka.

Wazo la kwamba kuongea kunaponya halijaanza jana. Miaka ya 1880 huko Vienna daktari mmoja, Josef Breuer, alikuwa na mgonjwa msichana, kwenye maandishi wakamficha kwa jina la Anna O. Huyu dada alikuwa akishasimulia yaliyomjaa moyoni anapata nafuu, akaipa jina mwenyewe, tiba ya kuongea, na akiwa kwenye utani anaiita kufagia dohani, yaani kukwangua masizi ya kwenye bomba la moshi. Rafiki yake Breuer, Sigmund Freud, ndiye akaja kuijenga ikawa fani nzima, na lile kochi la kwenye filamu linatoka kwake. Siku hizi wengi hawana kochi, utakaa kwenye kiti kama mtu. Na huyo Anna hakupona pale pale kama hadithi inavyopenda kusimuliwa, alirudi kulazwa mara kadhaa, baadaye sana ndiyo akawa mtu mkubwa wa kutetea wanawake Ujerumani. Naisema hii kwa sababu watu wanataka kikao kimoja.

Siku ya kwanza inakuwaje? Nawapa ya kwangu. Nilienda mwaka mmoja baada ya kumzika baba, nilikuwa silali, nikilala naamka saa tisa usiku nimekodoa macho kama bundi. Chumba kilikuwa kidogo, feni, viti viwili vimewekwa kwa kona siyo uso kwa uso kama polisi, boksi la tishu pale mkono unapofika, saa ya ukutani. Kwanza fomu: jina, namba ya mtu wa kupigiwa ikitokea dharura, dawa unazotumia. Halafu dodoso la maswali 9. Linauliza kwa wiki 2 zilizopita ni mara ngapi umekosa hamu ya kufanya vitu, umeshindwa kulala au umelala kupita kiasi, umejiona huna maana, na kadhalika, kila swali unajipa 0 mpaka 3, ukijumlisha haizidi 27. Siyo mtihani, hakuna kufeli, ni kama kupimwa presha, baada ya wiki kadhaa mnapima tena mnaona imeshuka au imepanda.

Halafu mtaalamu mwenyewe akanisalimia vizuri sasa. "Habari za nyumbani?" Nikajibu salama. "Za kazi?" Salama tu, tunamshukuru Mungu. "Na wewe mwenyewe?" Mzima kabisa. Akanyamaza, akaniangalia, akasema taratibu, "Mzima kabisa, dada?" Hapo ndipo nilipoanza kulia. Nimevuka mji mzima kwa daladala mbili kwenda kumwambia mtu mimi si mzima, nimefika namwambia mzima kabisa! Sisi salamu zetu zimeshajibiwa kabla hazijaulizwa, mtu ana msiba ndani bado anasema salama, na naamini nusu ya kazi ya kikao cha kwanza kwa Mswahili ni kuvuka hiyo salama.

Kuna na hii ya shikamoo, nayo ina mambo yake. Mzee mmoja wa mtaani kwetu, kashapita sitini, aliniambia alienda akakuta mwanasaikolojia ni binti wa umri wa mwanawe wa mwisho. Binti kamwamkia, "Shikamoo baba." Marahaba. Sasa uanze kumwambia mtu aliyekupa shikamoo kwamba wewe na mama watoto mmetengana vyumba miaka mitatu? Mzee akapiga soga saa nzima kuhusu kustaafu na mafao. Kikao cha pili akaamua kusema hilo hilo, "mwanangu mimi naona aibu kukuambia haya". Na hapo ndipo kazi ikaanza. Kusema kwamba unashindwa kusema kunaruhusiwa. Kuomba mtu wa jinsia nyingine au wa umri mwingine pia kunaruhusiwa, hakuna atakayenuna, na akinuna basi umeshapata jibu lako.

Turudi kwa dada wa saluni na swali lake, kwa nini hashauri?

Hebu hesabu ushauri ulionao tayari. Mama kakuambia vumilia. Dada kakuambia achana naye. Shosti kakuambia mlipizie, mchungaji kasema omba, shehe kasema subira, na huyu wa kucha naye kasema lake. Ushauri unao wa kumwaga, ungekuwa unatibu ungeshapona toka mwaka juzi. Na kila aliyekushauri kakushauri kwa maisha yake, aliyevumilia anasema vumilia, aliyeachika anasema ondoka. Mtaalamu naye akikuambia "ondoka", wewe ndiye unayerudi kwenye ile nyumba saa mbili usiku, unakuta yule mtu amekaa sebuleni, watoto wanataka kula, na ule ushauri umebaki ofisini. Usipofanya alichosema unaona aibu kurudi kwake. Ukifanya kikaharibika, lawama zake.

Mimi naifananisha na pale pale tulipokuwa tumekaa. Rasta zimekaa miezi miwili, zimejikunja, uchafu umeshika kwenye mizizi, na wewe una haraka unataka mtindo mpya. Msusi mvivu anakusukia juu ya hizo hizo. Msusi mwenye papara anavuta, anakukatia nywele. Fundi wa kweli anachukua kitana chenye mkia anaingia moja moja, anauliza hapa panauma? anapaka mafuta, anasubiri, anaendelea, na katikati ya hilo zoezi ukijiangalia kwenye kioo unatisha kuliko ulivyokuja. Upande mmoja rasta upande mwingine umesimama. Mtu akikuona hapo atasema huyu kaharibiwa. Maswali ya "ilianza lini" ndiyo ule mkia wa kitana. Sasa dada yetu yeye katoka saluni rasta tatu zimefumuliwa, akasema huyu msusi hajui kusuka.

Haimaanishi mtaalamu anakaa kama sanamu. Vitu vya wazi atakuambia: namna ya kupumua hofu ikikupanda, kwa nini chai ya rangi saa nne usiku inakuharibia usingizi, kwamba ukipigwa nyumbani kuna dawati la jinsia polisi. Hizo ni taarifa. Maamuzi ya maisha yako ndiyo anayokuachia mwenyewe.

Tuone sasa kazi yenyewe inavyofanyika kwa karibu, maana "tunaongea" ni neno kubwa. Mfano huu nautunga lakini vipande vyake ni vya kweli. Kaka mmoja kazini saa sita mchana anapata meseji ya bosi: "Njoo ofisini kwangu saa tisa." Basi. Tumbo linakata, hali chakula, anaanza kutafuta matangazo ya kazi kwenye simu, anamjibu mwenzake vibaya, anawaza ada, anawaza kodi. Saa tisa anaingia, bosi anamuuliza likizo yako unataka mwezi gani. Katoka pale kachoka kama kabeba zege. Jumatano yuko kwa mwanasaikolojia:

"Hiyo meseji ilisemaje, neno kwa neno?"

"Njoo ofisini kwangu saa tisa."

"Na wewe ulisoma nini?"

"Kwamba nafukuzwa."

"Neno kufukuzwa lilikuwa wapi?"

(Kimya.) "Nimeliweka mimi."

"Haya. Mara ngapi umeitwa ofisini mwaka huu, na zilikuwa za nini?"

Anahesabu, mara sita, hata moja haikuwa ya kufukuzwa. Ila mara moja, miaka minane nyuma, kazi ya kwanza kabisa, aliitwa hivi hivi akapewa barua. Ohoo! Kumbe meseji ya leo inasomwa kwa macho ya siku ile. Wanachora mistari kwenye daftari: kilichotokea, nilichowaza, mwili ulivyofanya, nilichofanya, ushahidi uko wapi. Anapewa kazi ya nyumbani, wiki hii jaza matukio matatu. Anarudi na mawili, yote ya bosi. Wiki inayofuata linakuja la mke, kwamba asipopokea simu mara moja tu yeye kashafika mbali. Njia hii aliianzisha daktari wa Marekani, Aaron Beck, kule Philadelphia miaka ya 1960, alikuwa kafundwa kwa njia za Freud akagundua wagonjwa wake wenye sonona, yaani ile huzuni nzito isiyoondoka, wana mawazo yanapita haraka haraka kichwani, wanayaamini bila kuyakagua. Kafa 2021 akiwa na miaka 100, na njia yake leo ndiyo iliyofanyiwa utafiti mwingi kuliko zote.

Ziko nyingine. Kuna wanaorudi sana utotoni na kwa wazazi, kuna wanaokusikiliza tu kwa makini mpaka ujisikie mwenyewe, kuna zile za watu waliopitia ajali au ukatili ambapo unasaidiwa kulisimulia tukio bila kuzama. Huna haja ya kujua majina, muulize tu "wewe unafanyaje kazi?" akishindwa kukujibu kwa Kiswahili cha kawaida hilo nalo ni jibu.

Ni muda gani? Hii ndiyo inayokera watu. Ile njia ya Beck kwa kawaida ni vikao 6 mpaka 20, mambo ya zamani na mazito yanaweza kwenda mwaka au zaidi. Lakini kuna fupi zaidi. Nairobi walijaribu mpango wa Shirika la Afya Duniani kwa wanawake waliopitia ukatili wa kijinsia, vikao 5 tu vya mtu mmoja mmoja, dakika 90 kila kimoja, na waliokuwa wanaviendesha walikuwa wahudumu wa afya ya jamii waliofundishwa kazi hiyo, wa kawaida kabisa kama wale wanaopita nyumba kwa nyumba. Utafiti ukatoka 2017, wale wanawake walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida.

Na Harare ndiyo stori ninayoipenda. Mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda alianza na bibi 14 pale Mbare, benchi la mbao nje ya kliniki, unakaa na bibi unasema. Wao Washona wana neno, kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Sisi tunasema "ana mawazo", ni kitu kile kile. Bibi anakusaidia kwanza kufungua akili, uyataje matatizo yote, uchague moja tu, utafute njia ya kuanza nalo, halafu vinafuata vya kukuinua na kukuimarisha. Utafiti wao wa 2016 ulikuwa na watu 573, vikao 6, baada ya miezi 6 waliokaa na bibi dalili zilikuwa chini sana kuliko wenzao. Benchi hilo limefika mpaka Zanzibar. Kwa hiyo mtu akiniambia haya ni mambo ya Wazungu namuuliza, bibi wa Mbare ni Mzungu?

Hapo shangazi anaingia, maana mtu atasema si ndiyo shangazi huyo. Pwani tulikuwa na somo, na kungwi, mtu wa kumwendea na ya ndani yasiyosemeka kwa mama. Sina ugomvi na shangazi, wangapi wameokolewa na shangazi. Tofauti ni kwamba shangazi yumo kwenye hadithi. Ukimwambia mumeo kafanya hivi, Pasaka ijayo anamwangalia vibaya mezani. Ana upande, ana historia na mama yako, anaumia ukiumia kwa hiyo unamficha mengine ili asiumie. Mtaalamu hayumo, hana shamba la kurithi, na zile dakika 50 ni zako peke yako, hakukatizi kukuambia "hilo nalo ni tatizo? ngoja nikuambie yangu".

Kuhusu dini nitapita haraka. Hakuna anayekuzuia kuswali wala kwenda maombi, wengi wanafanya vyote. Mtaalamu akikudhihaki imani yako muache, na mhubiri akikuambia utupe dawa za hospitali naye muogope.

Siri. Hapa ndipo simu nyingi zinaishia mkononi bila kupigwa. Unachosema kinabaki pale, na mtaalamu mzuri akikutana na wewe sokoni hata salamu haanzi, anakusubiri wewe uamue kama mnajuana (usije ukadhani anaringa). Kuna mipaka, anatakiwa akuambie siku ya kwanza: kama maisha yako yako hatarini, kama unataka kumdhuru mtu, au kama kuna mtoto anafanyiwa ukatili, kwa Tanzania Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka kila mwanajamii atoe taarifa, siyo yeye tu.

Na hili la kutaka kufa tuliseme wazi. Tanzania kujaribu kujiua bado kumeandikwa kama kosa kwenye Kanuni ya Adhabu, Kenya Mahakama Kuu Januari 2025 ilisema kifungu chao cha namna hiyo kinapingana na Katiba. Watu wanaogopa kwamba wakitamka tu wataitiwa polisi. Kuwa na mawazo hayo siyo kujaribu, na ukiyasema kwa mtaalamu kazi yake ni kukulinda: atakuuliza moja kwa moja bila kuzunguka, umefika kwenye kupanga? nani anaweza kukaa na wewe usiku wa leo? Kuulizwa hivyo hakumpandikizii mtu wazo, wengi wanashusha pumzi kwamba hatimaye kuna aliyeuliza. Ila kama hali ndiyo hiyo leo hii, usisubiri miadi ya wiki ijayo, mshike mtu mwende hospitali, mapokezi ya dharura. Hivyo hivyo kwa mtu anayesikia sauti wasizosikia wengine au hajalala siku nne anaongea tu, huyo aonwe na daktari kwanza, mazungumzo yatafuata.

Tegemea pia siku utakazotoka mbovu kuliko ulivyoingia. Kikao changu cha tatu nilitoka nikakosa hata nguvu ya kupanda gari, nikanunua maji nikakaa kituoni nusu saa. Jioni nikagombana na dada wa kazi kwa ajili ya sufuria. Ile ni rasta upande mmoja. Lakini ikipita wiki ya tano, ya sita, huoni chochote kinasogea, mwambie, kwa mdomo wako, "mimi naona hatuendi". Hasira zako juu yake ni sehemu ya kazi, na mara nyingi ukimwambia mnabadilisha njia. Ukiona bado, badilisha mtu, kuna watu hamuwezani tu hata kama kasoma mpaka mwisho.

Wa kukimbia bila kuaga ni huyu: anayekuahidi utapona kikao kimoja, anayekusimulia siri za wateja wengine (kesho yako), anayekuomba mkopo au namba kwa "mambo mengine", anayekutongoza, anayekuuzia virutubisho, anayekurekodi bila kukuuliza. Kutongozana na mteja ni kosa la maadili popote, hata kama wewe ndiye uliyeanza, wa kukataa ni yeye.

Pesa inatofautiana mno, binafsi na hospitali ya serikali ni mbingu na ardhi, ulizia kabla hujaenda: kikao ni shilingi ngapi, nikikosa siku mnanikata, bima yangu inaingia? Ukikwama anzia hospitali ya rufaa ya mkoa, ulizia kitengo cha afya ya akili. Muhimbili wana idara yao, Dodoma ndiyo hiyo Mirembe tunayoitania tangu utotoni, ipo toka 1927, Unguja kuna Kidongo Chekundu, Nairobi kuna Mathari. Na kwenda kliniki Mirembe siyo kulazwa, watu wanaenda asubuhi mchana wako kazini. Wengine wanafanya kwa video, nzuri kama uko mbali, shida ni mahali, ukiwa mmepanga chumba na sebule watoto wanne utaongelea wapi? Namjua anayefanyia vikao vyake ndani ya gari la shemeji, kapaki chini ya mwembe, vioo kapandisha, anatoka kaloa jasho.

Yule dada wa saluni nilimfuata nje tulipomaliza, nikamwambia rudi Jumanne, na umwambie hivyo hivyo ulivyotuambia sisi, kwamba ulitegemea kushauriwa ukakasirika. Akacheka, akasema kinachomsumbua zaidi ni yule wa mapokezi, anauliza kwa sauti mbele ya foleni, "Tatizo nini?" Nikamwambia mjibu "nitamwambia mwenyewe ndani". Faili linafunguliwa hivyo hivyo.